Huduma Mbovu Mgahawani: Utoe Bakshishi Kamili, Upunguze, Usitoe, au Umwite Meneja?

Bili imeshawekwa mezani na wewe bado umenuna. Chakula kilichukua saa nzima, soda ililetwa ya moto, na mhudumu alipita mara kadhaa akiangalia pembeni kana kwamba meza yenu haipo. Sasa amesimama kando, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwingie. Utamwachia kitu au hutamwachia?

Wengi wetu huamua kwa hasira au kwa haya. Mwenye hasira anakunja noti zake anaondoka. Mwenye haya anaacha zaidi ya alivyokusudia, ili wageni wake wasimwone bahili. Hakuna kati yao aliyejiuliza kosa lilikuwa la nani, wala pesa ile inafanya kazi gani mahali alipo. Na hayo mawili ndiyo yanayobadilisha jibu, kwa sababu kumnyima bakshishi dada wa Sinza na kumnyima mhudumu wa Houston ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama wote wamekuchelewesha kwa dakika zile zile.

Kuna njia nne ambazo mtu huzifikiria akiwa amekaa pale na bili mkononi. Kabla ya kuzilinganisha, tukubaliane tunazipima kwa nini.

Vigezo vya kupimia

*Kosa ni la nani.* Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote. Mhudumu ndiye unayemwona, lakini mengi yanayokukera hayakutokea mikononi mwake. Chakula kikichelewa, mara nyingi jiko limezidiwa, au gesi imeisha, au mpishi mmoja hakuja kazini. Mhudumu akionekana anakimbia huku na huko bila kufika kwako, huenda mwenye mgahawa amempa meza kumi ambazo zilipaswa kugawanywa kwa watu watatu. Kitu kilichomo kwenye menyu lakini hakipo jikoni ni uzembe wa ofisi. Kwenye baa zetu mambo yanachanganya zaidi, maana jiko la nyama choma mara nyingi limekodishwa kwa mtu mwingine kabisa. Dada anayekuletea vinywaji hana mamlaka yoyote juu ya yule kaka wa mbuzi. Kumnyima dada kwa sababu mbuzi amechelewa ni kama kumgombeza kondakta kwa foleni ya Mbagala.

Yapo makosa ambayo ni yake mwenyewe, na hayana mjadala: kusahau oda kisha kudai kwamba hukuagiza, kujibu kwa dharau, kuchati kwenye simu huku umeinua mkono, kuleta bili yenye bia ambazo hukunywa. Na lile ambalo wenyeji wa Zanzibar na Mombasa wanalijua vizuri: mgeni mzungu ameingia nyuma yako, na anahudumiwa kabla yako. Hilo linauma kuliko chakula cha baridi.

*Mshahara wake unatoka wapi.* Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu mwaka 1991. Kima cha chini cha kawaida cha shirikisho ni dola 7.25. Bakshishi ndiyo inayotarajiwa kujaza pengo hilo, na isipotosha, mwajiri anatakiwa kisheria aongeze. Texas inatumia hizo dola 2.13. Lakini majimbo saba, yaani California, Oregon, Washington, Nevada, Montana, Alaska na Minnesota, hayakubali upunguzaji huo, kwa hiyo mhudumu analipwa kima kamili cha jimbo kabla ya bakshishi. Mswahili anayeishi Minneapolis na ndugu yake wa Dallas wanaingia kwenye migahawa inayofanana kwa sura lakini yenye hesabu tofauti nyuma ya kaunta.

Kwetu Afrika Mashariki, mhudumu ana mshahara wake, na bakshishi ni nyongeza. Mshahara wenyewe mara nyingi ni mdogo, tena mahali pengine anakatwa mteja akitoroka na bili au glasi ikivunjika. Lakini hakuna sheria iliyokugeuza wewe mteja kuwa mwajiri mwenza. Ufaransa, bei uliyoisoma kwenye menyu tayari ina huduma ndani yake, na unachoacha juu yake ni hiari tupu. Uingereza, migahawa mingi ya London huweka tozo ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, moja kwa moja kwenye bili. Ikiandikwa kuwa ni ya hiari, una haki ya kuomba iondolewe.

*Ujumbe utafika?* Pesa haina mdomo. Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambaye amechunguza bakshishi kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa uhusiano kati ya ubora wa huduma na kiasi watu wanachoacha ni dhaifu. Kama wateja wenyewe hawatoi kulingana na huduma, mhudumu atajuaje kuwa leo umepunguza kwa sababu yake, na si kwa sababu mwisho wa mwezi umekubana?

*Utarudi?* Hiki ni kifupi. Mahali unapokula kila Ijumaa si sawa na kituo cha basi la mikoani ambacho hutakiona tena.

Njia ya kwanza: kutoa kama kawaida

Kwa upande wa kosa, njia hii inafaa pale ambapo umeridhika kuwa mhudumu alifanya alichoweza. Alikuja kukuambia mapema kwamba jikoni kuna foleni. Aliomba radhi bila kuombwa. Alileta maji wakati unasubiri. Mtu kama huyo amefanya kazi ngumu kuliko siku ambayo kila kitu kinakwenda sawa, na kumkata ni kumwadhibu kwa siku mbaya ambayo aliimaliza akiwa amesimama.

Kwa upande wa pesa, Marekani hii ina maana ya asilimia 15 hadi 20 ya bili kabla ya kodi, na mijini wengi siku hizi wanahesabu 20 kuwa ndiyo kawaida. Nairobi kwenye migahawa ya Westlands au Dar kwenye migahawa ya Masaki, asilimia 10 inatosha kuonekana heshima. Kwingine kote kwetu, kawaida ni kuacha chenji: bili elfu thelathini na nane, unaweka elfu arobaini, unaondoka. Kwa mama ntilie hakuna anayekutarajia uache kitu.

Udhaifu wake ni ujumbe. Ukitoa kamili na kunyamaza, mgahawa unajua kitu kimoja tu: umelipa. Meneja ataendelea kupanga mhudumu mmoja kwa meza kumi, na wiki ijayo mwingine atakaa kwenye kiti chako akinuna vilevile.

Inamfaa mtu aliye na wageni na asiyetaka kuharibu mlo, anayejua kosa ni la jikoni, au anayekula katika jimbo la dola 2.13 na hataki mzozo wa ofisi utoke kwenye mfuko wa mfanyakazi.

Njia ya pili: kupunguza

Hii ndiyo njia ambayo watu huiona ya busara, ya katikati. Kwa kosa la mhudumu ambalo si kubwa, kama kusahau kitu mara mbili au kupotea kwa nusu saa, ina haki yake.

Lakini ina sharti moja ambalo halisemwi mara nyingi: inafanya kazi mahali ambapo kuna kiwango kinachojulikana. Ukiacha asilimia 10 Chicago, mhudumu anasoma mara moja kwamba hukufurahi. Namba hiyo ni lugha huko. Ukiacha elfu moja badala ya elfu tatu Kariakoo, hakuna aliyesoma chochote. Atakushukuru, tena kwa dhati, kwa sababu meza iliyotangulia haikuacha hata mia. Huwezi kupunguza kutoka kwenye kiwango ambacho hakipo.

Kwa upande wa pesa, kupunguza kunamwachia mhudumu wa Marekani kitu cha kuwagawia wenzake, na umuhimu wa hilo utauona kwenye njia ya tatu. Uingereza, unaweza kumwambia mhudumu kwa utulivu apunguze au aondoe tozo ya huduma, na atairekebisha bili. Si kashfa. Kwa sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2024, mwajiri wa huko anatakiwa kuwapa wafanyakazi bakshishi na tozo hizo zote bila kukata, kwa hiyo ujue kuwa ukiondoa, unaondoa kwao.

Kuacha senti moja au sarafu chache kwa makusudi sikuhesabu kuwa kupunguza. Hilo ni tusi, na kama umefikia hapo, afadhali ufungue mdomo useme.

Njia hii inamfaa mtu anayekula kwenye nchi ya asilimia, aliyekutana na uzembe wa kawaida, ambaye hataki maneno mengi.

Njia ya tatu: kutotoa kabisa

Kwetu hii ndiyo nyepesi zaidi. Hakuna sheria unayovunja, hakuna anayekufuata hadi kwenye gari, na kama mhudumu alikudharau, humdai wala hakudai. Bakshishi ni asante, na hakuna aliyelazimishwa kusema asante kwa jambo ambalo halikufanyika. Ninakubaliana na hoja hiyo kikamilifu, kwa Afrika Mashariki.

Marekani hesabu inageuka. Katika migahawa mingi mhudumu anawagawia wenzake, yaani anayesafisha meza, anayechanganya vinywaji, wakati mwingine anayewapokea wageni mlangoni, na mgawo huo mara nyingi unahesabiwa kwa mauzo yake, si kwa bakshishi aliyopata. Ukila chakula cha dola 100 na kuacha sifuri, bado meza yako inahesabiwa kwenye mauzo, na mgawo wake unatoka kwenye bakshishi ya meza nyingine. Sifuri yako kwake ni hasara. Kwa kosa la dharau, ubaguzi, au kuongezewa vitu kwenye bili, wapo wanaosema hasara hiyo ni halali yake, nami siwapingi. Kwa wali uliopoa, hapana.

Ujumbe nao? Dar, mhudumu atadhani wewe ni mmoja wa wale wasioacha, ambao ndio wengi. Marekani, akisikia lafudhi yako, atadhani hujui desturi ya pale. Na kuna jambo lingine ambalo Waafrika wa huko hulizungumza wakiwa wenyewe: wapo wahudumu wenye dhana kwamba mteja mweusi haachi kitu, hivyo wanamhudumia vibaya kabla hata hajakaa, naye kwa kuudhika haachi kitu, na dhana inapata ushahidi wake. Si mzigo wako kuivunja dhana hiyo kwa pesa zako. Lakini kama unataka ijulikane kuwa tatizo lilikuwa huduma, sifuri isiyo na maneno haitakusemea.

Wapo pia wanaokataa kwa msimamo: mfumo wenyewe ni mbovu, mwajiri alipe watu wake. Msimamo ni wa haki, ila meza yako si mahali pa kuupigania. Danny Meyer, mmoja wa wenye migahawa wanaojulikana sana New York, alianza kuondoa bakshishi kwenye migahawa yake mwaka 2015 na kuiingiza huduma kwenye bei. Mwaka 2020 aliirudisha. Kama mwenye mgahawa mwenyewe ilimshinda, mteja mmoja asiyeacha kitu atapunguza mapato ya mhudumu mmoja kwa jioni moja, basi.

Njia hii inamfaa aliyedharauliwa waziwazi au aliyeibiwa kwenye bili, popote alipo. Na inamfaa yeyote kwetu ambaye hakupata huduma ya kumshukuru mtu.

Njia ya nne: kusema, na meneja kama ni lazima

Watu wa pwani hatupendi hili. Tunaona ni kujidhalilisha, au kumharibia mtu kazi. Tunanyamaza, tunalipa, kisha tunasimulia mtaa mzima. Lakini kati ya njia zote nne, hii pekee ndiyo ambayo ujumbe wake unafika bila kutafsiriwa.

Anza na mhudumu mwenyewe, na anza mapema, chakula kikiwa bado hakijaja. "Dada samahani, sisi tumeagiza tangu saa saba, na wale waliokuja nyuma yetu wameshakula. Kuna nini jikoni?" Sentensi kama hiyo haimshtaki mtu, na jibu lake linakumalizia kigezo cha kwanza. Akisema, "Samahani kaka, mashine ya kukaangia imekufa, ngoja nikaulize," umeshajua kosa si lake. Akibinua mdomo na kusema, "Subiri, si wewe peke yako," umeshajua pia.

Meneja ana uwezo ambao mhudumu hana: kuondoa sahani kwenye bili, kukuletea nyingine, kupunguza bei. Njia hii inaiweka gharama ya kosa kwa mwenye mgahawa, na kosa la jikoni au la uhaba wa watu ni lake hasa. Marekani, ukipunguziwa bili kwa namna hiyo, desturi ni kuhesabu bakshishi kwa bei ya awali, maana mhudumu alibeba sahani zile zile.

Ina hatari zake. Kwetu, "meneja" wakati mwingine ni mwenye mali mwenyewe, na malalamiko ya dakika mbili yanaweza kumgharimu mtu siku ya mshahara au kazi nzima. Kwa hiyo eleza tukio, usimweleze mtu: "Tulisubiri saa moja na nusu na hakuna aliyetuambia kitu" inatosha, bila kuongeza "yule binti wenu ni mvivu." Na mara nyingi utaambiwa bosi hayupo. Hapo umerudi kwenye njia tatu za kwanza.

Inamfaa mteja wa kila wiki, mwenye sherehe au kikao cha watu wengi, na mtu yeyote ambaye kosa lililomkera ni la uongozi.

Kabla hujaamua, isome bili

Watu hugombana na nafsi zao kuhusu bakshishi ambayo wameshatozwa. Marekani, kundi la watu sita au wanane kwenda juu mara nyingi huwekewa asilimia 18 au 20 moja kwa moja. Itafute kwenye bili chini ya neno *gratuity* au *service charge*. Hilo la pili uliulizie linakwenda kwa nani, kwa sababu kwa sheria ya shirikisho tozo ya lazima ni mapato ya mgahawa, na mwajiri hana lazima ya kuitoa yote kwa wahudumu. Bakshishi uliyoacha kwa hiari ni tofauti: tangu mwaka 2018 sheria inamkataza mwajiri na meneja kujichukulia.

Kenya, VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 unazoziona chini ya bili si za mhudumu. Vivyo hivyo VAT ya Tanzania. Na ukilipa kwa Lipa Namba au till ya M-Pesa ukaongeza elfu mbili juu, elfu mbili hizo zimeingia kwenye akaunti ya mwenye biashara. Kama unataka zimfikie mhudumu, mpe mkononi au umtumie kwenye namba yake. Ni jambo dogo, lakini wahudumu wengi wamesifiwa kwa maneno huku asante yao ikilala kaunta.

Kwa hali yako

Uko nyumbani, chakula kimechelewa, mhudumu mwenyewe ni muungwana: muulize kinachoendelea, mwachie ulichozoea, na kama ni mahali pako pa kila wiki, mwambie mwenye mgahawa kwamba watu hawatoshi. Mhudumu ndiye mwenye dharau: usiache kitu, na kama una nguvu, mwambie kwa nini. Hakikisha tu unamwambia yeye, si mwenzake anayepita.

Uko Marekani na kosa ni la jikoni: toa asilimia zako za kawaida, malalamiko yapeleke kwa meneja. Kosa ni uzembe wa mhudumu: asilimia 10 inasomeka vizuri, hasa kwenye majimbo ambako analipwa kidogo na mwajiri. Ukiwa California au Minnesota una nafasi zaidi ya kushuka chini ya hapo bila kumgusa mshahara wa msingi, ingawa mgawo kwa wenzake unaweza kuwepo huko pia. Umedharauliwa au umebaguliwa: mwite meneja kwanza, kisha sifuri yako itakuwa na maana.

Uko London: omba tozo iondolewe, eleza sababu kwa sentensi moja. Uko Paris: hakuna cha kupunguza, bei ilishamaliza, wewe usiongeze tu.

Umealikwa, na anayelipa ni mwingine: mwachie yeye aamue. Lakini kama ni mjomba wako ametoka Mbeya kwa mara ya kwanza kukutembelea Texas, na anasema kwa sauti kwamba huyu binti hakustahili hata senti, mlipie yeye soda nyingine na mwelezee ile dola 2.13 mkiwa mmeshafika kwenye gari.